Sentineli Naye Achungwe: Historia ya Wenye Kulinda Logi za Serveri

Siku mingi nilikuwa nataka kuandika juu ya kosa moja nililofanya wakati wa staji yangu, na njo hii leo. Wasiosoma informatiki wasikimbie. Nitaeleza pole pole, na mwisho mtaona kama ni jambo la watu kuliko la mashine.

Mwaka 2019 nilikuwa finalisti. Nilipata nafasi ya staji ndani ya biro moja mjini Bukavu iliyokuwa inapokea malipo ya masomo kwa ajili ya shule kadhaa. Jina lake sitalitaja. Walikuwa na serveri moja tu ya Linux, imewekwa chini ya meza, na betri mbili za kuisaidia kama koranti inakatika. Programu ya malipo ilikuwa inaandika kila tukio ndani ya logi: nani ameingia, saa ngapi, amepokea kiasi gani. Shefu aliniambia: "Mdogo wangu, tuwekee kitu cha kuchunga hizi logi. Kuna watu wanajaribu maneno ya siri usiku kucha."

Nikaweka Fail2ban. Kazi yake ni rahisi kueleza. Inasoma logi, ikiona adresi moja inakosea neno la siri mara nyingi, inaagiza mashine ikatae ile adresi kwa muda. Ni kama sentineli anayesoma daftari la mlangoni na kufunga mlango kwa mtu mwenye kusumbua.

Lakini sentineli wangu hakusoma kitu. Kila mara: ruhusa imekataliwa. Niliangalia ruhusa za faili, zilikuwa sawa. Fail2ban ilikuwa inatembea kama root, yaani mwenye mamlaka yote. Sasa ni nani anayemkatalia root? Ilikuwa SELinux. Nilitafuta kwa intaneti, jibu la kwanza likasema: andika setenforce 0. Nikaandika. Ikatembea papo hapo! Kiisha nikafungua faili ya mipangilio nikaandika SELINUX=disabled, ili hata mashine ikizimika na kuwaka tena, ile kitu isirudi. Shefu alifurahi. Ndani ya ripoti ya staji niliandika kwamba tatizo limetatuliwa.

Nyuma ya miezi mitano waliniita. Hesabu ya malipo haikulingana na feza zilizokuwa ndani ya sanduku. Tulifungua logi ya programu: siku tatu nzima hazikuwamo. Mtu alikuwa amezifuta. Mama mwenye kupokea malipo, yule aliyekuwa ananipa chai kila asubuhi, akaulizwa: "Ni weye ulifuta?" Alijibu kwamba hata hajui logi ni nini. Mkubwa wa biro akanigeukia miye: "Inaweza kuwa nani?" Nilisema ukweli: inaweza kuwa mtu aliyepitia tovuti, inaweza kuwa mwenye neno la siri la root, siwezi kutofautisha. Mama alirudishwa nyumbani wiki ile ile. Hakuna kilichothibitisha kosa lake, na hakuna kilichomtetea.

Kutoka siku ile nilianza kutafuta: hii SELinux niliyoizima ilitoka wapi, na nani aliwaza kwamba hata root anapaswa kukataliwa? Nilichokuta ni historia ya karibu miaka hamsini.

1. Mtu mmoja, ripoti mbili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ordinateri zilikuwa kubwa na ghali sana, kwa hiyo watu wengi walikuwa wanatumia mashine moja kwa wakati mmoja. Jeshi la anga la Marekani likapata wasiwasi: mwenye siri kubwa na asiye na siri wanakaa ndani ya mashine moja, nani atawatenganisha? Mwaka 1972 James P. Anderson alitoa ripoti juu ya swali hilo. Alipendekeza mlinzi wa kati, ambaye kila ombi la kusoma au kuandika linapita mbele yake. Alimwekea masharti matatu: asiweze kuchezewa na mtu, asirukwe hata mara moja, na awe mdogo kiasi kwamba unaweza kumkagua wote na kuhakikisha anafanya kazi sawa.

Mwaka uliofuata, 1973, David Bell na Leonard LaPadula wa shirika la MITRE walianza kuliandika wazo hilo kwa lugha ya hesabu: mwenye cheo cha chini asisome kilicho juu, na mwenye cheo cha juu asiandike chini, juu asije akamwaga siri. Kenneth Biba, wa MITRE vilevile, kwa ripoti yake ya 1977 aliligeuza swali. Yeye hakuuliza siri inatoka wapi. Aliuliza uchafu unaingia wapi. Kitu chenye kuaminika kisikubali maneno ya kitu kisichoaminika.

Hapo njo ilizaliwa tofauti kati ya ruhusa ya hiari na ruhusa ya lazima. Kwa ruhusa ya hiari, mwenye faili ni kama mwenye nyumba: anampa ufunguo yeyote anayemtaka, na mwizi akimpata mwenye nyumba, amepata na funguo zote. Kwa ruhusa ya lazima, kuna sheria ya uwanja mzima iliyo juu ya mwenye nyumba mwenyewe. Hata akitaka kukupa ufunguo, sheria inaweza kukataa. Kila mtu na kila kitu kina lebo, na mlinzi wa kati anaangalia lebo, haangalii sura.

Sasa weka programu yenye kuchunga logi mbele ya wazee hao. Kwa Bell na LaPadula, yeye ni mtu wa juu, sababu anasoma daftari za watu wote. Kwa Biba, yeye ni mtu wa kuogopewa, sababu chakula chake ni maneno ya wageni: kile mshambuliaji anaandika kama jina lake, kinaingia ndani ya logi, kiisha programu inakisoma. Na juu ya hayo tunampa nguvu ya kufunga milango. Kama kuna mtu ndani ya serveri anayehitaji sheria ya lazima kuliko wengine, ni huyu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: ni Anderson yule yule aliyeandika, mwaka 1980, ripoti ya kwanza kubwa juu ya kusoma daftari za ukaguzi ili kugundua wavamizi. Aliwapanga wavamizi kwa aina: wa nje, mwenye kujifanya mtu mwingine, mfanyakazi mwenye kutumia vibaya ruhusa yake. Aina nyingine aliita mtumiaji wa kificho: yule mwenye mamlaka ya kutosha kukwepa daftari yenyewe. Nilisoma ile sehemu nikakumbuka siku tatu zilizokosekana.

Mtu mmoja aliandika zote mbili. Kwake mlinzi wa kati na msomaji wa daftari zilikuwa kazi mbili za nyumba moja. Mwaka 1983 wizara ya ulinzi ya Marekani ilitoa kitabu cha vipimo ambacho watu wanakiita Kitabu cha Rangi ya Chungwa, kikarekebishwa 1985. Mashine ya daraja la C2 ilipaswa kuwa na daftari la ukaguzi lililolindwa. Kutoka daraja la B1 ilipaswa kuwa na lebo na ruhusa ya lazima. Miye, ndani ya ile biro, nilitenganisha vitu hivyo kwa amri moja: niliweka msomaji, nikamfukuza mlinzi.

2. Senti 75

Wakati jeshi linaandika vipimo, vyuo vikuu vilikuwa vinaishi kwa kuaminiana. Pale Berkeley, California, Eric Allman alikuwa anatengeneza Sendmail, programu ya kusafirisha barua. Kwa kazi hiyo aliunda syslog, njia ya kuandika matukio. Ilikuwa rahisi, kila mtu akaipenda, na paka leo Linux zetu zinaitumia kwa namna moja au nyingine. Lakini haikuwa inauliza nani anaandika. Yeyote aliyeweza kufikisha ujumbe kwenye mlango wa 514 aliweza kuandika ndani ya daftari, hata kwa jina la mwingine.

Mwaka 1986, ndani ya maabara ya Lawrence Berkeley, mnajimu Clifford Stoll alipewa kazi ndogo: hesabu ya matumizi ya ordinateri ilikuwa na kasoro ya senti 75. Wengine wangesema, senti 75 ni nini? Yeye alifuatilia. Alikuta mtu ameingia kwa kupitia kijiprogramu cha kuhamisha barua kilichoitwa movemail, sehemu ya GNU Emacs. Kijiprogramu hicho kilikuwa kimepewa nguvu za root wakati kazi yake ilikuwa kuhamisha barua tu. Mvamizi akakitumia kuweka faili mahali pasiporuhusiwa, akawa mkubwa wa mashine.

Stoll alifahamu jambo moja: kama mvamizi ni root, basi daftari lililo ndani ya mashine ni daftari lake. Kwa hiyo wikendi moja alikusanya vituo na mashine za kuchapa, hamsini hivi, mingi yake akiiazima kwenye meza za wenzake bila kuuliza, akaziunganisha kwenye nyaya za simu zilizokuwa zinaingia. Kila herufi ya mvamizi ilichapwa kwa karatasi, inje ya ordinateri, mahali ambapo hakuna root wa kufuta. Nyuma ya miezi mingi njia ilifika kwa Markus Hess, wa Hannover, Ujerumani ya Magharibi, ambaye alikuwa anauza habari kwa KGB.

Somo la Stoll lina sehemu mbili. Programu ndogo isipewe nguvu kubwa. Na daftari liwe mahali ambapo mwenye kuandikwa hawezi kulifuta.

3. Wazo la jeshi linafika kwenye mashine za watu

Kwa miaka mingi ruhusa ya lazima ilibaki kitu cha jeshi, ngumu na ghali. Mwezi wa 12 mwaka 2000, shirika la usalama la Marekani, NSA, lilitoa SELinux kwa watu wote, pamoja na kodi yake. Mwaka 2001 Linus Torvalds hakutaka kuingiza mfumo mmoja tu ndani ya Linux. Alitaka njia ya pamoja ambayo mifumo mbalimbali inaweza kuchomekwa. Njia hiyo iliingia ndani ya Linux 2.6, mwishoni mwa 2003. Kwa upande mwingine, AppArmor, iliyozaliwa mwaka 1998 ndani ya Immunix, ilichagua njia nyepesi: inaangalia majina na njia za faili, haibandiki lebo. Hiyo njo wenye kutumia Ubuntu wanaijua.

Mwanzoni watu wa Fedora walijaribu kufunga mashine nzima kwa sheria kali. Vitu vingi vikakwama, watumiaji wakalalamika. Kwa Fedora Core 3, mwaka 2004, walibadilisha: tufunge kwanza huduma chache zenye hatari, zingine ziachwe zitembee. Na ndani ya ile orodha fupi ya kwanza, karibu na huduma ya tovuti na huduma ya majina, kulikuwa syslogd, mwandishi wa logi. Mwandishi wa daftari alikuwa kati ya wa kwanza kuwekewa mipaka.

Mwaka ule ule wa 2004 Cyril Jaquier alianza Fail2ban. Baadaye nayo ilipata uzio wake ndani ya SELinux, unaitwa fail2ban_t. Ndani ya ule uzio, hata ikitembea kama root, inaweza kusoma vitu vyenye lebo za logi na kufanya kazi yake ya kufungia adresi. Kuchukua kitu kingine hapana. Ni ule uzio njo niliouona kama adui.

4. Mwaka 2021, logi inauma

Kama bado unawaza kwamba kusoma na kuandika logi ni kazi isiyo na hatari, kumbuka mwaka 2021. Mwezi wa 7 lilitangazwa kosa ndani ya Fail2ban yenyewe, CVE-2021-32749. Kulikuwa na mpango wa kumtumia shefu barua yenye habari za mwenye adresi iliyofungiwa. Habari hizo zinatoka kwa serveri ya inje. Mtu mbaya akifaulu kubadilisha lile jibu, aliweza kuficha ndani yake mstari unaoanza kwa alama ya ~, na programu ya barua ikauona kama amri. Amri ya mgeni, kwa mkono wa root. Biba alikuwa amesema!

Mwezi wa 12 mwaka ule ikaja Log4Shell, CVE-2021-44228, iliyopewa alama 10 kwa 10. Log4j ni maktaba ya Java ya kuandika logi. Ilitosha mtu atume maneno fulani, programu iyaandike ndani ya daftari, na mashine ingekwenda yenyewe kuchukua kodi kwa mshambuliaji na kuitembeza. Kampuni kubwa za dunia hazikulala siku zile.

Ruhusa ya lazima haizuii makosa kama hayo kuzaliwa. Inachofanya ni kuweka ukuta: mwenye kosa akiumwa, maumivu yabaki ndani ya chumba chake.

5. Nilichopaswa kufanya

Turudi Bukavu. Baadaye nilifahamu shida yangu ilikuwa nini, na ilikuwa ya dakika kumi tu.

Folda ya logi ilikuwa /srv/malipo/logi. Fundi aliyenitangulia aliibandika lebo httpd_sys_rw_content_t, ile ya vitu ambavyo tovuti inaweza kuandika, kubadilisha na kufuta. Fail2ban ilikatazwa kwa sababu lebo ile haikuwa lebo ya logi. Maana yake SELinux ilikuwa inaniambia ukweli: "Hiki mnachoita logi, hakijatangazwa kuwa logi."

Kwanza ningeuliza nani amekataliwa nini:

ausearch -m AVC -ts recent

Pale ningeona fail2ban_t upande mmoja, lebo mbaya upande wa pili, na neno read katikati. Kiisha ningerekebisha lebo:

semanage fcontext -a -t httpd_log_t "/srv/malipo/logi(/.*)?"
restorecon -Rv /srv/malipo/logi

Amri mbili. Fail2ban ingesoma. Na kuna zawadi ambayo sikuijua: kwa sera ya kawaida, tovuti inaweza kuongeza mistari mwisho wa faili yenye lebo httpd_log_t, lakini haiwezi kubadilisha mistari ya zamani wala kufuta faili. Ni kama daftari ambalo unaruhusiwa kuandika mstari wa chini tu, na kupasua ukurasa hapana. Anayejaribu kupasua, jaribio lake linaandikwa ndani ya daftari la pili, lile la ukaguzi.

Kama bado kuna kitu kinakwama, usizime nyumba nzima. Legeza chumba kimoja:

semanage permissive -a fail2ban_t

Hapo Fail2ban peke yake inaachwa huru huku makosa yake yanaandikwa, na huduma zingine zote zinabaki ndani ya uzio. Ukimaliza kurekebisha, unarudisha kwa -d pahali pa -a. Kuna na audit2allow, yenye kukuandikia sheria mpya kutoka kwa makatazo. Itumie, lakini soma kila mstari mbele ya kukubali. Kukubali bila kusoma ni setenforce 0 kwa mlango wa nyuma.

Na tusidanganyane. Mtu mwenye neno la siri la root aliyeingia kama kiongozi wa mashine angeweza bado kufuta faili, au kuzima SELinux kama miye. Kwa huyo dawa ni ile ya Stoll: tuma nakala ya logi kwa mashine nyingine, papo hapo, mahali ambapo root wa hapa si root wa pale. Hata ordinateri moja ya zamani yenye rsyslog ingetosha.

Lakini angalia tofauti. Kama ningefanya zile amri mbili, siku mkubwa aliponiuliza "inaweza kuwa nani?", ningeweza kujibu: tovuti haikuweza kufuta, na yule mama haingii kwa njia nyingine isipokuwa tovuti. Basi si yeye. Tuulize wenye neno la siri la root. Tulikuwa watatu, na miye nilikuwa mmoja wao.

Jibu lile lingemrudishia mama kazi yake. Sikuwa nalo, juu nilitaka kitu kitembee mbele ya saa sita.

Nilimtafuta mwaka uliofuata kumwomba msamaha. Alikuwa anauza unga sokoni. Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza paka mwisho, kiisha akaniuliza: "Mwanangu, sasa unaweza kuwaambia kama si miye?" Nikamjibu: "Mama, naweza kuwaambia kama hatukuwa na njia ya kujua." Akanyamaza. Nilirudi kwa mkubwa wa biro nikasema vile vile, na nikaiandika kwa barua yenye jina langu chini. Kazi hakurudishiwa.

Wandugu, wengi wenu leo mnashika serveri za shule, za hospitali, za parokia, za kooperative. Simu za Android mlizo nazo mkononi, kutoka toleo la 5.0 la mwaka 2014, zinatembea na SELinux imewashwa kamili, na hamjasikia usumbufu wake. Basi siku serveri inakukatalia kitu, mbele ya kuandika ile amri, soma kwanza katazo linasema nini. Na kama tayari uliizima mahali fulani, sema kwa wenzako hapa bila haya, tusaidiane kuiwasha. Miye nimeshasema yangu.